Machalii wa Balangdalalu, Juu Kuna Mchongo

Oya machalii, kuna ishu hapa kitaani tunaipita kila usiku bila kuistukia. Mwezi wa saba, mvua zimekata, baridi ya Hanang inang'ata masikio, mbalamwezi haipo. Toka pale senta mida ya saa tatu usiku, ziache taa za maduka nyuma yako, tembea mpaka mbwa wa mtaani waache kukubwekea, halafu inua kichwa. Juu ni hatari tupu. Njia Nyeupe imekatiza anga lote, nene, ina mabaka meusi ndani yake, na ile sehemu yake nono kuliko zote, kitovu chenyewe cha galaksi yetu, inapanda taratibu. Ikikaribia saa tano iko juu kweli kweli. Mwana anayekaa Sinza kule Dar hiyo kitu haioni, taa za jiji zimeifuta. Mwana wa London ndo kabisa: kwake kile kitovu kinachungulia kidogo tu juu ya mapaa upande wa kusini, kisha kinazama. Sisi tunacho kiangazi kizima, bure, hakuna bando wala kiingilio.

Na si hicho tu. Balangdalalu, huku wilayani Hanang, iko nyuzi nne na ushee kusini mwa ikweta, kwa hiyo anga la pande zote mbili za dunia linatuhusu. Mwezi wa tano, saa tatu hiyohiyo ya usiku, tazama kusini: Msalaba wa Kusini umesimama wima. Geuka nyuma: nyota saba za Dubu Mkubwa ziko kaskazini, zimepinduka kichwa chini. Mtu wa Oslo atazeeka hajauona Msalaba akiwa kwao. Mtu wa Cape Town huyo Dubu anamwona akiburuzika kwenye upeo tu. Sisi tunawapata wote usiku mmoja, tumesimama palepale.

Sasa nasema wazi: Balangdalalu inatakiwa iwe na klabu ya nyota, na waianzishe vijana. Tusingoje darubini ishuke kwenye kontena, tusingoje ahadi ya mgombea. Watu saba wanane, daftari moja, macho tuliyozaliwa nayo. Kifaa kitakuja. Kinachoanza ni utaratibu, na utaratibu hauuzwi dukani.

Kuna mwamba mmoja lazima mumjue, John Dobson. Alizaliwa Beijing mwaka 1915, akakulia San Francisco, akasoma kemia, halafu akaingia utawa. Huko kwenye nyumba ya watawa hakuwa na mia, ila alikuwa na kiu ya kuona mbingu na alitaka kila mtu azione. Akawa anaokota vioo vinene vya madirisha ya meli, anavisaga kwa mkono na mchanga mpaka vinakuwa vioo vya darubini. Bomba lake? Karatasi ngumu, yale mabomba mafundi wanamwagia zege ya nguzo. Kitako chake mbao za plaiwudi zinazozunguka kwa kusukuma na mkono. Mwaka 1967 akatoka utawani, na mwaka 1968 yeye na madogo waliojifunza kwake wakaanzisha kikundi cha wanaastronomia wa kando ya barabara. Kazi yao ilikuwa moja: kuweka darubini mtaani usiku, pale watu wanapopita wakitoka kwenye mishe zao, na kuwaita. Njoo uone Zohali. Njoo uone mwezi. Hakuna hela. Ule mtindo wake wa kutengeneza darubini hakuuwekea hati miliki, na leo darubini za Dobson zinauzwa dunia nzima. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 98.

Mimi huyu mzee ananigusa kuliko maprofesa wengi. Alistukia kwamba mtaa hauendi kwenye kituo cha utafiti, kwa hiyo kituo cha utafiti ndicho kiende mtaani. Hapa kwetu mtaa unajulikana ulipo. Ni mnadani. Siku ya mnada watu wanatoka vijiji vyote, Wairaqw, Wabarbaig, Wanyaturu, Wanyiramba, na wafanyabiashara wa Katesh na Singida. Ng'ombe wameuzwa, nyama choma imeliwa, jua linazama, watu wanasubiri usafiri. Weka darubini pale kando ya kijiwe cha bodaboda, mwezi uwe nusu, uone foleni. Na uwe nusu kweli, usiwaite watu mwezi mpevu. Ukiwa mpevu jua linaupiga usoni, vivuli hakuna, mashimo yote yanaonekana bapa. Ukiwa nusu, mwanga unakuja kwa ubavu, milima ya mwezini inatupa vivuli virefu, na mzee aliyezaliwa kabla ya Uhuru anainama kwenye kioo anainuka hana neno la kusema.

Afrika Mashariki hii watu washaanza zamani. Nairobi kuna Susan Murabana na Daniel Chu Owen, walianzisha The Travelling Telescope mwaka 2014. Wanapakia darubini kwenye gari, wanakwenda mashuleni sehemu mbalimbali za Kenya, watoto ambao hawajawahi kuona hata lenzi wanaangalia pete za Zohali kwa macho yao. Na wanaandaa safari za nyota kwa watu wenye mkwanja, wanaolala porini na kuangalia anga. Shule na biashara vinakwenda pamoja, na hilo nitalirudia kwenye hela.

Kwetu Bongo jina la kulikumbuka ni Dk. Noorali Jiwaji, mwanafizikia aliyefundisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Huyu mzee miaka nenda rudi anaandika magazetini na kuongea redioni kuhusu anga letu, lini sayari gani inaonekana, lini mwezi unapatwa. Kuna Chama cha Astronomia na Sayansi ya Anga cha Tanzania, na kule Arusha, kwa majirani zetu wa Chuga, mradi wa Telescopes to Tanzania wa Astronomers Without Borders ulileta darubini na mafunzo kwa walimu wa sayansi. Arusha na Hanang si mbali. Koneksheni ipo, inahitaji tu kikundi chenye jina, anwani na katibu anayejibu ujumbe.

Tarehe 1 Septemba 2016 taifa zima liliona nini kinawezekana. Rujewa, wilaya ya Mbarali, Mbeya. Karibu saa sita mchana mwezi ukakaa katikati kabisa ya jua, ukaacha pete ya moto kwa karibu dakika tatu. Watu walifurika, wanafunzi, wakulima wa mpunga, wageni kutoka nje, wote wamevaa miwani maalumu. Sisi huku Hanang jua lililiwa sehemu kubwa tu, lakini hakukuwa na kikundi cha kuwatayarisha watu. Halafu Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ukapatwa muda mzuri ajabu: ulianza kuliwa saa moja na nusu jioni, ukawa mwekundu mzima kuanzia saa mbili na nusu usiku mpaka saa nne kasoro dakika nane. Dakika 82 za kivuli cha dunia, muda ambao hata mtoto wa darasa la pili bado yuko macho. Tukio la namna hiyo linajulikana miaka mingi kabla, dakika kwa dakika. Klabu kazi yake ni kulitangaza kanisani, msikitini, shuleni na mnadani, wiki mbili kabla, ili asibaki mtu ndani.

Basi tuingie kwenye klabu yenyewe, maana hapa ndo pana nyama.

Cheo kikubwa kwenye klabu ya nyota ni katibu. Mwenyekiti anaweza kuwa yeyote mwenye sauti na busara, mweka hazina awe mtu ambaye hata maza wake anamwamini na hela, lakini katibu ndiye klabu yenyewe. Kila usiku mnaotoka, anaandika: tarehe, saa ya kuanza, mahali, mawingu yalikuwa kiasi gani, mwezi ulikuwa na umri wa siku ngapi, nani alikuwepo, nini kilionekana na kwa kifaa gani. Ukikosa kuona kitu, unaandika hukukiona. Ndani ya miaka miwili mna rekodi ya mawingu ya Hanang ambayo mkulima, mwalimu na afisa ugani wote wataitaka. Tangu lile tope la tarehe 3 Desemba 2023 liliposhuka mlimani likaua watu wengi Katesh na Gendabi, huku kwetu wingu juu ya Hanang si kitu cha kukipuuza. Vijana wanaoangalia anga kila wiki na kuandika wanafaa kuwepo.

Ratiba iendane na mwezi. Jumamosi iliyo karibu na mwezi mwandamo ni usiku wa wanachama: giza nene, nyota hafifu, kazi ya utulivu. Ile ya mwezi nusu ni usiku wa mtaa, kelele ruksa, watoto wengi. Ikiwa wana wa Kiislamu wanautafuta mwezi wa Ramadhani, klabu nzima inatoka nao, kwa sababu kujua mwezi mchanga utatua upande gani na saa ngapi ni kazi yetu.

Sheria zisizidi chache. Taa nyeupe hakuna, maana jicho linataka dakika 20 hadi 30 gizani ndipo lifunguke lote, na simu moja ya mshkaji ikiwaka inamrudisha kila mtu mwanzo. Paka tochi rangi ya kucha nyekundu. Mwanga mwekundu hauliumizi jicho lililozoea giza. Pombe hapana. Fisi wapo, kwa hiyo tunatoka kwa kundi na tunarudi kwa kundi, na wale wana wa Kibarbaig waliokulia kulinda mifugo usiku ndio viongozi wa njia, wanajua zaidi ya sisi tuliokulia senta.

Halafu ishu ya madada. Nimeona vikundi vingi vya vijana ambavyo vikianza mambo ya usiku, wasichana wanaachwa mlangoni bila hata mtu kutamka kwamba wameachwa. Hii klabu isiwe hivyo. Mikutano ya kwanza ianze saa moja jioni kwenye uwanja wa shule, wazazi wapewe taarifa, mwalimu wa kike au mama mmoja anayeheshimika awepo, na kila dada afikishwe nyumbani. Ikishindikana kufanya hivyo, basi tupunguze masaa, tusipunguze watu.

Vifaa sasa. Dogo akipata hela ya kwanza asikimbilie ile darubini ya dukani mjini iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inakuza mara mia tano. Ile ni mbwembwe. Miguu yake inatetemeka, kioo chake kidogo, unaona ukungu tu halafu unakata tamaa na fani nzima. Kununua kwa kwanza kuwe darubini ya macho mawili, zile zilizoandikwa 10x50 au 7x50. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita, na kwenye nyota upana ndo kila kitu, maana ndio unaokusanya mwanga. Ukiishika vizuri, umeegemeza viwiko kwenye paa la gari au ukuta, utaona miezi minne ya Mshtarii, ileile aliyoiona Galileo mwaka 1610, ikibadilisha nafasi usiku hadi usiku. Utaona Kilimia ikipasuka kutoka nyota sita saba kuwa makumi. Utaona Omega Centauri, mpira wa nyota mamilioni, ukiwa doa la ukungu la mviringo kwenye kundi la nyota la Kentauri. Na kuelekea mwisho wa mwaka, upande wa kusini, yale Mawingu mawili ya Magellan, ambayo kila moja ni galaksi nyingine kabisa, na hayo hata macho matupu yanayaona. Mwenye simu janja aweke programu ya Stellarium, ni ya bure, inaonyesha kila kilichopo juu. Baada ya hapo, klabu ikijipata, ndo tunaongelea darubini ya Dobson ya inchi sita au nane.

Mchana nao una shughuli yake. Watu wa Ulaya hii hawaipati kabisa, na sisi inatuangukia mara mbili kila mwaka: siku ambayo jua linapita juu ya utosi barabara, kivuli kinapotea. Kwa Balangdalalu ni karibu na tarehe 9 Machi na tarehe 4 Oktoba, siku moja mbili huku na huku. Simika mti mnyoofu wima, upime kwa timazi ya fundi ujenzi. Machi subiri mpaka saa saba kasoro dakika kumi, Oktoba saa sita na nusu hivi. Kivuli cha mti kinafupika, kinafupika, kinaingia chini ya mti wenyewe. Ndoo yenye maji inaonyesha jua chini kabisa. Kwa nini isiwe saa sita kamili? Kwa sababu saa zetu zinafuata nyuzi 45 mashariki, na sisi tuko kwenye nyuzi 35 na kidogo, kwa hiyo jua linatufikia dakika kama 40 baadaye. Dakika zinazozidi au kupungua hapo zinatokana na dunia kutokwenda mwendo mmoja kulizunguka jua na kuinama kwa mhimili wake. Wanafunzi wa kidato cha nne waliosoma mada ya astronomia kwenye fizikia bila kuona chochote, leteni daftari siku hiyo. Mkipiga simu kwa shule moja iliyo kusini mwa nchi, wakapima urefu wa kivuli chao siku ileile jua likifika kilele chake kwao, mnaweza kukokotoa ukubwa wa dunia kwa mti, uzi na hesabu za darasani. Msomi wa kale Eratosthenes aliifanya hesabu hiyo Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Onyo moja na nalisema kwa uzito: jua usilitazame kwa darubini ya aina yoyote, hata sekunde. Linachoma jicho bila maumivu na jicho halirudi. Unalielekezea darubini mgongo wako ukiwa kwa jua, unapokea picha yake kwenye karatasi nyeupe, na madoa ya jua unayaona hapo.

Kuna watakaouliza, sisi wa huku tunaweza kuchangia nini kwenye sayansi? Australia kulikuwa na mchungaji, Robert Evans, mtu wa kanisa, siku zake zinapita kwenye mahubiri na mazishi. Usiku alikuwa uani kwake na darubini. Alikariri kwa kichwa sura za mamia ya galaksi, na kila ilipotokea nyota ngeni alistukia. Aligundua nyota zinazolipuka zaidi ya 40 kwa macho yake. Kule Marekani chama cha AAVSO tangu mwaka 1911 kinakusanya vipimo vya nyota zinazobadilika mwanga kutoka kwa watu wa kawaida duniani kote. Na anga la kusini lina waangalizi wachache. Mtu wa Balangdalalu akiandika vizuri, anasomwa.

Au vimondo. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Halikufika hata kilo moja. Lakini ni la aina adimu kabisa, lina mchanganyiko wa vitu unaokaribia ule wa jua lenyewe, na jina Ivuna linatajwa na wanasayansi dunia nzima; Wajapani walipoleta vumbi la kutoka asteroidi Ryugu mwaka 2020, walikuta linafanana na aina hiyo. Kimondo cha Mbozi tunakijua wote, kile chuma kikubwa. Huyu mdogo wake wa Ivuna ana heshima zaidi maabara. Sasa, usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba kuna mvua ya vimondo vya Geminidi, na mwezi wa tano mwanzoni kuna vya Eta Akwaridi kabla ya alfajiri. Lala chali juu ya turubai, hesabu. Ukiona moto mkubwa umepita, andika saa, umetoka wapi umekwenda wapi, umedumu sekunde ngapi, umesikia mshindo au la. Klabu tatu zikiona kimoja, mahali kilipoanguka panaweza kutafutwa.

Na kabla hatujajifanya wagunduzi, tukawasalimie wazee. Watu wa huku hawakuanza kutazama juu jana. Kwa Wairaqw jua na Mungu, Lo'a, haviachani. Kwa Wadatoga ni Aseeta. Ukienda upande wa Mbulu, bonde la Yaeda, Wahadzabe wanacheza ngoma yao takatifu ya epeme usiku usio na mwezi, kwenye giza kamili, na hakuna anayewasha moto. Watu wanaolithamini giza kiasi hicho ni walimu wetu. Kijana mmoja wa klabu, mwenye lugha yake ya nyumbani, akae na babu yake na bibi yake, shikamoo kwanza, simu irekodi kwa ruhusa yao: nyota gani zilikuwa zinaangaliwa kabla ya kupanda, gani kabla ya kuhamisha ng'ombe. Hizo rekodi ziandikwe Kiiraqw, Kidatoga na Kiswahili. Kazi hii ingekuwa yangu ningeifanya kabla ya kununua hata lenzi moja, maana darubini zitaendelea kutengenezwa na hao wazee wanaondoka.

Haya, maokoto. Michango ya mwezi buku kwa mtu inatosha kuanza, iwe kwenye akaunti ya kikundi ya simu kama M-Koba, kila mtu anaona salio, hakuna kunung'unika. Jisajilini kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ambao nne ni za vijana, nne za wanawake, mbili za watu wenye ulemavu, na hauna riba. Ila mkopo ni deni, na darubini peke yake hailipi deni. Mimi ningeenda hivi: klabu ikodi nusu eka, ilime alizeti au mbaazi, wote walime, mavuno yauzwe, hiyo ndo darubini. Jembe na anga ni mambo yaleyale ya kujua msimu. Watu waliolima pamoja hawakimbiani ikifika baridi ya usiku.

Mgeni anayelipa naye yupo. Mlima Hanang una mita zaidi ya 3,400, ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa misitu, na wapandaji wanapitia Katesh. Mtu aliyesafiri kutoka mbali kuja kupanda mlima, akishuka jioni amechoka, akiambiwa kuna vijana watamwonyesha anga la kusini kwa muda wa saa mbili tu, bei ya haki, atakaa. Namibia wameshafanya: NamibRand ilitambuliwa kimataifa kama hifadhi ya anga la giza mwaka 2012, na watu wanalipa kwenda kulala huko. Kwetu iende kisheria, pamoja na TFS na waongozaji wenye leseni, na mgawo uandikwe kabla ya mgeni hajafika. Watoto wa shule hawalipi kitu, milele. Na ile ofisi ya Cape Town ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia inayoshughulikia maendeleo hutoa wito wa miradi kila mwaka. Daftari la katibu likiwa limejaa, maombi yetu yatakuwa na kitu ndani.

Umeme umefika vijijini na mimi nafurahi, watoto wanasoma usiku, zahanati zina friji. Naomba kitu kidogo tu kwa mafundi na wenye maduka: taa ya nje iwekewe kofia, imulike chini. Bili haiongezeki, njia inaonekana vizuri zaidi, na juu panabaki na giza letu. Klabu itengeneze hizo kofia za bati iziuze bei ya bati tu.

Halafu kuna tarehe ya kuandika ukutani. 21 Mei 2031, pete ya jua inarudi Tanzania, inatokea Angola, inapita Kongo na Zambia, inakatiza kusini mwa nchi yetu, inavuka bahari kwenda India. Sisi hapa Balangdalalu tutaliona jua likiliwa upande mmoja. Mfuko wa safari hiyo uwe na ukurasa wake kwenye daftari la mweka hazina tangu kikao cha kwanza, na wa kupanda basi wachaguliwe kwa orodha ya mahudhurio: aliyejitokeza usiku mwingi zaidi ndiye anaenda. Watakaobaki wana kazi yao, darubini ikiwa imetupa picha ya jua kwenye karatasi, wanachora jua kila dakika tano na kuandika saa, na timu ya kusini inafanya vilevile. Wakirudi, michoro inawekwa pamoja kwenye ubao wa shule, kila dakika ya huku na dakika yake ya kule, na wanafunzi wapime wenyewe kivuli cha mwezi kilipita wapi.